Kuufundisha mwili kwa kuuona: mwongozo kamili wa bayofidibeki na nyurofidibeki kwa mtu wa Lubumbashi

Bayofidibeki ni njia ya kujifunza kuongoza jambo la mwili ambalo kwa kawaida linajiendesha bila wewe kulihisi: mapigo ya moyo, joto la vidole, kukaza kwa misuli ya shingo, nguvu ya misuli inayozuia mkojo. Kifaa kinapima jambo hilo na kukuonyesha papo hapo kwa namba, kwa sauti au kwa mchoro unaosogea. Unajaribu kitu, unaona matokeo, unajaribu tena. Nyurofidibeki ni tawi la njia hiyohiyo, ila kinachopimwa ni umeme wa ubongo, kupitia elektrodi zinazobandikwa kwenye ngozi ya kichwa.

Nafanya kazi ya kine hapa Lubumbashi: mazoezi ya tiba kwa waliopata kiharusi, wenye maumivu ya mgongo, na mama waliotoka kujifungua. Watu wananiletea video kwenye simu. Ndugu aliye Afrika Kusini au Ubelgiji ametuma sauti kwenye WhatsApp akisema kuna mashine inayotibu kifafa, kukosa usingizi, mtoto asiyetulia darasani, hata usonji. Swali linakuwa moja: mashine hiyo inapatikana wapi, na ni dola ngapi?

Msimamo wangu nautaja mapema. Kinachotibu ni kujifunza kwenyewe. Kifaa ni kioo tu. Kwa magonjwa kadhaa kujifunza huko kumethibitishwa vizuri, na sehemu kubwa yake unaweza kuifanya nyumbani kwa vifaa vidogo vinavyouzwa kwenye famasi za mjini. Kwa magonjwa mengine, hasa yale ambayo mashine za ubongo zinatangazwa kuyatibu, ushahidi ni dhaifu, na familia inaweza kumaliza akiba yake hapo. Nimeupanga mwongozo huu kwa kuanza na yanayofaa zaidi na yenye gharama ndogo.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa kwanza

Usianze zoezi lolote kabla daktari hajakuambia unaumwa nini. Chukua maumivu ya kichwa. Kichwa kinaweza kuuma kwa malaria, kwa macho yanayohitaji miwani, kwa meno, kwa presha iliyopanda sana, hata kwa dawa za maumivu zenyewe, maana anayemeza vidonge vya maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi huweza kupata kichwa kinachosababishwa na vidonge hivyo. Bayofidibeki inasaidia aina mbili tu: kipandauso, na kichwa kinachotokana na kukaza misuli ya shingo na paji la uso. Ukiitumia kwa malaria unapoteza muda ambao malaria haikupi.

Kuna dalili ambazo hazingoji zoezi wala kifaa. Kichwa kilichoanza ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuupata. Kichwa pamoja na homa na shingo iliyokakamaa. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, maneno kukwama. Degedege la kwanza maishani. Mama mjamzito mwenye kichwa kikali, macho kuona ukungu na kuvimba uso au mikono: hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinachokaribia. Hao wote waende hospitali saa hiyohiyo, Sendwe, Kliniki za Chuo Kikuu, au popote palipo karibu penye daktari.

Kwa magonjwa ya akili na neva, Lubumbashi ina kituo cha Joseph Guislain cha watawa wa Frères de la Charité. Mtu mwenye kifafa, huzuni nzito, au anayesikia sauti zisizokuwapo aonwe na wataalamu wa aina hiyo kabla ya mtu yeyote mwenye kofia ya elektrodi.

Hatua ya 2: Wiki mbili za daftari

Nunua daftari la shule. Kwa wiki mbili usibadili chochote, andika tu. Mwenye maumivu ya kichwa aandike tarehe, saa yalipoanza, ukali kutoka 0 hadi 10, dawa aliyomeza, alilala saa ngapi, na kwa mwanamke, siku za hedhi. Mwenye presha apime asubuhi na jioni: akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanishwa, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, kisha apime mara mbili kwa kuachia dakika 1 katikati na kuandika namba zote. Anayevuja mkojo aandike kila mara ulipotoka na alikuwa anafanya nini: kukohoa, kunyanyua ndoo, kucheka, kukimbilia choo.

Watu wengi wanaruka hatua hii, na kuiruka kunaharibu kazi yote. Kipandauso huja na kuondoka chenyewe. Anayeanza mazoezi katika wiki mbaya ataona nafuu hata kama asingefanya kitu, na anayeanza katika wiki nzuri atadhani mazoezi yamemletea ugonjwa. Bila daftari hutajua.

Hatua ya 3: Vifaa vichache, vyote vya betri

Umeme ukikatika jioni, kifaa cha kuchomeka ukutani kinakufa na ratiba yako inakufa nacho. Kwa hiyo chagua vya betri.

Cha kwanza ni oksimeta, kile kidude kinachobana kidole na kuonyesha oksijeni na mapigo ya moyo. Sisi tutatumia namba ya mapigo. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, kwa hiyo oksijeni ikisoma 95 kwa mtu mzima wa afya usishtuke. Ikikaa chini ya 90, mpeleke mtu hospitali. Futa rangi ya kucha kabla ya kupima, na upashe kidole joto ikiwa ni baridi, la sivyo namba zitaruka hovyo.

Cha pili ni kipimajoto cha kupimia chumba au maji, kinachoanzia nyuzi 10 au chini yake. Kile cha homa hakifai, kwa sababu hakisomi joto la kidole kilichopoa.

Cha tatu, kwa mwenye presha tu, ni mashine ya presha inayofungwa kwenye mkono wa juu. Za kifundo cha mkono zinadanganya kirahisi mkono ukishuka au kupanda kidogo. Ziada ni saa yenye mshale wa sekunde, au simu.

Hatua ya 4: Pumzi sita kwa dakika

Kama una muda wa zoezi moja tu, fanya hili, nami nitalieleza kwa urefu.

Moyo haupigi kwa mwendo mmoja. Ukivuta pumzi unaenda mbio kidogo, ukitoa unapunguza. Na kwenye mishipa mikubwa ya shingo na ule mshipa mkuu unaotoka moyoni kuna vihisi vya shinikizo la damu: shinikizo likipanda, vinauambia ubongo upunguze mwendo wa moyo, likishuka, vinauambia uongeze. Majibu hayo yanachelewa sekunde chache. Ukipumua taratibu, karibu mara sita kwa dakika, mwendo wa pumzi na mwendo wa vihisi unakutana na kusukumana, na mapigo yanapanda na kushuka kwa mawimbi makubwa. Watafiti Paul Lehrer na Evgeny Vaschillo ndio waliolifanya jambo hili kuwa njia ya mafunzo inayofuata hatua. Kufanya hivyo kila siku kunazoesha vihisi hivyo kufanya kazi vizuri zaidi, na kunapunguza wasiwasi na msongo. Presha nayo hushuka kidogo, vipimo vichache tu, si kiasi cha kuacha dawa.

Kaa kwenye kiti, mgongo wima bila kukakamaa, fungua mkanda. Bana oksimeta kwenye kidole cha shahada, mkono ukiwa juu ya paja. Weka kiganja kingine tumboni, chini ya mbavu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu sekunde 4, tumbo lisukume kiganja; toa kwa sekunde 6 kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama unapoza uji. Hiyo ni pumzi moja ya sekunde 10, na sita zinatimiza dakika.

Jambo ambalo karibu kila mtu hulikosea: anavuta pumzi kubwa mno. Pumzi iwe ya polepole, isiwe nzito. Ukihisi kizunguzungu, midomo kuwashawasha au vidole kufa ganzi, umetoa hewa chafu nyingi kuliko inavyotakiwa. Punguza ukubwa wa pumzi, baki na mwendo uleule. Ikiendelea, pumzika hadi kesho.

Sasa tazama namba. Nilikuwa na mama mmoja, muuza samaki wa soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, mabega yake yamepanda hadi masikioni kwa kuamka alfajiri kila siku. Nikamwambia, «Mama, usiniangalie mimi, angalia kidole chako.» Namba ilikuwa 78. Alipovuta ikaenda 80, 83, 85. Alipokuwa akitoa ikarudi 81, 77, 74. Akanyamaza pumzi kadhaa, kisha akasema, «Mwanangu, kumbe moyo unanisikia!» Kuanzia hapo sikuhitaji kumshawishi afanye nyumbani.

Oksimeta za bei ndogo huchanganya mapigo kadhaa ndipo zionyeshe namba, kwa hiyo kupanda utakuona kwa kuchelewa kidogo. Usiifukuze namba. Tazama tu tofauti kati ya namba ya juu kabisa na ya chini kabisa katika dakika moja, uiandike. Kijana anaweza kuona tofauti ya 15 au 20. Mzee akiona 5 si vibaya, maana tofauti hupungua kwa umri. Wenye kisukari cha muda mrefu na wanaomeza dawa za presha za kupunguza mwendo wa moyo huona tofauti ndogo pia. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio atumie saa tu, aache namba, kwa sababu hazitamwambia kitu.

Baada ya wiki moja tafuta mwendo wako mwenyewe. Siku ya kwanza jaribu pumzi 6 na nusu kwa dakika, ya pili 6, ya tatu 5 na nusu, ya nne 5, ya tano 4 na nusu, kila moja kwa dakika 5. Mwendo uliokupa tofauti kubwa bila kukuchosha ndio wako, na utakaa nao. Lengo ni dakika 20 kila siku, mara moja au kwa vipande viwili vya dakika 10. Asiyekuwa na dakika 20 afanye 10 bila kukosa. Hiyo inashinda 40 za Jumapili pekee.

Tahadhari mbili. Anayetumia insulini apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki za kwanza, kwa sababu mwili uliotulia unaweza kuhitaji dawa pungufu, na kupunguza dozi ni kazi ya daktari. Na mtu aliyepitia vita, kubakwa au ajali mbaya anaweza kuona picha za zamani zikirudi anapofumba macho na kutulia. Huyo afanye macho wazi, nyayo zikikanyaga sakafu, akiwa na mtu anayemwamini chumbani, kwa dakika 2 au 3 tu mwanzoni. Hofu ikizidi aache, amwone mshauri wa afya ya akili. Hilo si udhaifu wake.

Hatua ya 5: Kupasha vidole joto

Hili ni kwa mwenye kipandauso. Miaka ya 1960 katika kliniki ya Menninger, mjini Topeka, jimbo la Kansas nchini Marekani, watafiti wakiongozwa na Elmer Green walimwona mwanamke ambaye kipandauso kilimwachia wakati uleule mikono yake ilipopata joto. Wakaanza kuwafundisha wengine kupasha mikono kwa makusudi, wakichanganya na maneno ya kujituliza ambayo daktari Mjerumani Johannes Schultz alikuwa ameyaeleza katika miaka ya 1930.

Mwili wenye msongo hubana mishipa midogo ya vidole. Ukitulia, mishipa hufunguka na damu ya joto hufika. Kwa hiyo joto la kidole linakuonyesha kama umetulia kweli.

Funga ncha ya kipimajoto kwenye tumbo la kidole cha kati kwa plasta, bila kukaza. Subiri dakika 5 ndipo uandike namba ya kwanza. Kisha, ukipumua kama ulivyojifunza, jisemee polepole: mikono yangu ni mizito, mikono yangu ina joto. Wengine wanafikiria mbabula ya makaa jioni, wengine jua la mwezi wa kumi. Chagua picha yako. Baada ya dakika 15 andika namba ya mwisho. Mwanzoni utapata nusu nyuzi. Lengo ni kufikia nyuzi 34 au 35 na kuweza kuifikia bila kipimajoto, popote, kichwa kinapoanza kunong'ona. Ukilazimisha, namba inashuka. Utaiona, na hapo ndipo utajifunza kuachia.

Mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu asubuhi ni baridi, vidole vinapoa kwa hewa na si kwa msongo. Kaa ndani dakika 15 kwanza, au fanya jioni. Ukipima asubuhi moja na alasiri nyingine, daftari lako halitakuwa na maana.

Hatua ya 6: Taya na mabega

Hospitalini hili hufanywa kwa mashine inayosoma umeme wa misuli na kutoa mlio unaopungua kadiri unavyolegeza. Nyumbani tumia mkono wa mwenzako: aweke kiganja kati ya shingo na bega. Wewe kaza bega kwa sekunde 5, uachie ghafla, kisha ukae sekunde 20 ukihisi tofauti. Rudia kwa taya, paji la uso, ngumi. Edmund Jacobson aliyafundisha haya Chicago karibu miaka 100 iliyopita, na bado yanafanya kazi. Mwenzako akuambie msuli ulipobaki mgumu. Mara nyingi wewe mwenyewe huwezi kuuhisi.

Waliopata kiharusi huniuliza kama mashine ya misuli itainua mguu unaoburuta. Matokeo ya tafiti yamegawanyika. Inaweza kuongezwa kwenye mazoezi ya kutembea, isichukue nafasi yake.

Hatua ya 7: Mkojo unaovuja

Mama wengi wanalinyamazia, na hapa bayofidibeki ina historia ndefu: mwaka 1948 Arnold Kegel, daktari wa Los Angeles, alieleza kifaa cha kupima nguvu ya kubana kwa misuli ya uke, ili mwanamke aone kwenye saa ya kifaa kwamba anabana sehemu sahihi.

Kwanza tofautisha. Ikiwa mkojo au choo kinatoka muda wote, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu mrefu wa kuzaa au kubakwa, hiyo inaweza kuwa fistula. Fistula ni tundu, na tundu hushonwa. Hakuna zoezi litakaloliziba. Mama huyo apelekwe kwa wapasuaji wa fistula bila kuonewa haya, na asiambiwe na mtu yeyote kwamba amelogwa.

Ikiwa mkojo unatoka kidogo anapokohoa au kunyanyua bidoni la maji, mazoezi yanafaa sana. Alale chali, magoti juu. Abane kana kwamba anazuia hewa isitoke mbele za watu, na wakati huohuo anavuta uke kwenda juu na ndani. Kujipima: kidole safi ndani ya uke kitahisi kubanwa na kuinuliwa. Tumbo na makalio yasikaze, na pumzi isizuiwe. Akihisi kidole kinasukumwa nje, anafanya kinyume. Asiendelee peke yake, amwone kine au mkunga. Abane sekunde 5, aachie sekunde 10, mara 8, awamu tatu kwa siku, kwa miezi 3 kamili. Asifanye zoezi hili kwa kukatiza mkojo chooni kila siku, kwa sababu kibofu kinajifunza kutomaliza.

Wanaume waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume nao hufundishwa zoezi la aina hiyo. Na kuna watu wenye choo kigumu cha miaka kwa sababu misuli ya haja kubwa inabana wakati inapaswa kulegea. Kwao bayofidibeki ya hospitali ni miongoni mwa tiba zenye ushahidi mzuri kabisa.

Hatua ya 8: Ukiambiwa kuhusu ubongo

Sasa tufike kwenye nyurofidibeki. Soma sehemu hii kabla hujatoa hata dola moja.

Hans Berger, daktari wa akili wa mji wa Jena nchini Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuchapisha mwaka 1929. Mawimbi hayo yamegawanywa kwa kasi: delta chini ya 4 kwa sekunde, theta 4 hadi 8, alfa 8 hadi 12, beta 13 hadi 30. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 mtafiti Joe Kamiya, aliyeanzia kazi hiyo Chicago, alionyesha kwamba mtu anaweza kujifunza kutambua na kuongeza alfa yake. Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Barry Sterman aliwapa paka chakula kila walipotoa wimbi la 12 hadi 15 kwa sekunde. Baadaye paka hao walipopimwa kwa kemikali ya mafuta ya roketi inayoleta degedege, walichelewa kupata degedege kuliko wengine. Mwaka 1972 timu yake iliandika kuhusu mgonjwa wa kwanza wa kifafa aliyefundishwa hivyo, na mwaka 1976 Joel Lubar akaanza kuchapisha kuhusu watoto wasiotulia.

Mwanzo huo ulistahili kuaminiwa. Lakini jaribio gumu zaidi ni hili: kundi moja la wagonjwa lipewe mashine ya kweli, kundi jingine lipewe mashine inayoonyesha mchezo usiofuata ubongo wao, na asijulikane nani kapata ipi. Marekani walifanya hivyo kwa watoto 144 wa miaka 7 hadi 10 wenye tatizo la umakini, linaloandikwa TDAH kwenye karatasi za madaktari wetu. Kila mtoto alipangiwa vipindi 38. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: watoto wa pande zote mbili walipata nafuu, na nafuu ilikuwa sawa. Jaribio la Austria kwa wasiopata usingizi, lililochapishwa 2017, lilitoa picha hiyohiyo. Inaelekea nafuu ilitoka kwa uangalizi, ratiba, matumaini, na mtu mzima anayekaa na mtoto mara kwa mara kwa upole. Hayo yote mzazi anaweza kuyatoa bila elektrodi.

Kwa waliobaki na majeraha moyoni baada ya mambo mabaya waliyopitia, jaribio dogo la mwaka 2016 huko Boston, watu 52, lilionyesha nafuu kwa waliopata mafunzo ukilinganisha na waliokuwa wakisubiri tiba. Linatia moyo, ila halikuwa na mashine ya uongo ya kulinganishia. Kwa usonji, kupoteza kumbukumbu kwa wazee na kuongeza akili ya mtoto, usilipe.

Kifafa nakitaja peke yake. Mgonjwa mwenye dawa asiache dawa. Fenobabitali ikikatizwa ghafla inaweza kuleta degedege mfululizo lisilokatika, na mtu akafa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakitumia dawa ipasavyo, na dawa hizo ni za bei ndogo. Nimekutana na baba aliyeambiwa na muuzaji wa vipindi kwamba dawa «zinaziba mawimbi», akamwachisha binti yake. Binti alianguka motoni. Aliyetoa ushauri ule hakuwa hospitalini siku ya kubadilisha bandeji.

Na usichanganye mambo mawili: kipimo cha mawimbi ya ubongo ambacho daktari wa neva anaagiza kutafuta aina ya kifafa ni kipimo halali. Kinachouzwa kama mafunzo ni kitu kingine, hata kama kofia zinafanana.

Kama bado unataka kujaribu, kwa wasiwasi au usingizi kwa mfano, nenda na majaribio haya matatu. Mwambie mwenye mashine akuonyeshe mchoro wenyewe wa mawimbi, si mchezo wa gari au samaki pekee. Fumba macho: kwa watu wengi alfa nyuma ya kichwa inaongezeka ndani ya sekunde chache, na ukifumbua inapungua. Berger mwenyewe aliliona hilo. Kisha kaza meno na upepese macho: mchoro utaruka sana, maana umeme wa misuli ya taya ni mkubwa kuliko wa ubongo. Sasa kaza meno ukicheza mchezo. Ukipewa alama kwa kukaza, mashine inafundisha taya, na fedha zako zinalipia taya. La tatu, muulize kompyuta inatumia betri au inachomekwa, na jenereta iko wapi. Umeme wa ukutani wa mizunguko 50 kwa sekunde huingia kirahisi kwenye waya za kichwa, na asiyejua hilo hajafunzwa.

Halafu muulize: umesomea nini na nani anakusimamia? Unapima nini kabla na baada? Vipindi vingapi ndipo tutajua kama havifai? Kawaida wanataja 20 hadi 40, mara mbili au tatu kwa wiki. Lipa kipindi kimoja kimoja. Anayedai malipo yote mbele, anayekukataza kumwambia daktari wako, au anayeahidi kuponya, mwache hapohapo. Nchini Marekani kwenyewe vifaa vingi vya aina hii viliruhusiwa kuuzwa kwa ajili ya kutuliza mwili, si kwa kuponya magonjwa.

Hatua ya 9: Wiki ya nane

Fungua daftari. Hesabu siku za kichwa katika wiki mbili za kwanza na wiki mbili za mwisho. Siku zikipungua kwa nusu, umefaulu vizuri. Endelea mara tatu kwa wiki. Zikipungua kidogo, kagua kwanza kama ulifanya kila siku kweli, kisha ongeza wiki nne. Zisipopungua kabisa, rudi kwa daktari na daftari mkononi, kwa sababu huenda ugonjwa si ule mliodhani. Mwenye presha ampelekee daktari namba zote, hata zile mbaya, na dozi ibadilishwe na daktari peke yake. Mama wa mkojo asubiri hadi mwezi wa tatu ndipo ahukumu.

Kisha jaribu bila kifaa. Pumua dakika 5, kisia mapigo yako yamepanda hadi ngapi, ndipo ubane oksimeta. Pasha vidole, kisia nyuzi, ndipo uangalie. Makisio yako yakianza kukaribia namba, mpe jirani vifaa hivyo aanze wiki zake mbili za daftari.